Haliwashi: niliyowaambia wanafunzi wa udaktari kuhusu ukoma

Watu kadhaa mmeniomba niandike yale niliyoongea na wanafunzi wa udaktari na wakufunzi wao kwenye wiki ya Siku ya Ukoma Duniani, ile inayoangukia Jumapili ya mwisho ya Januari. Nimekaa na rekodi ya simu nikaandika kama nilivyosema. Nilipojirudia nimekata, matani nimeyaacha maana bila matani hata mimi mwenyewe nasinzia.

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana mambo zenu. Kabla sijaanza naomba mtu afungue hayo mapazia, zima hiyo projekta kaka, sina slaidi hata moja, nataka mwanga wa jua tu, mtaelewa mbele ya safari.

Mimi sio profesa na sijasomea nje. Nilianza kama tabibu wa zahanati, baadaye nikawa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, ile kazi ya pikipiki, daftari na boksi la dawa nyuma, nimeifanya mpaka nimestaafu. Sasa nina swali. Nani humu ndani ameshamgusa mgonjwa wa ukoma? Sisemi kumuona kwenye picha, nasema kumgusa, kumshika kiwiko. Nyoosheni mikono nihesabu. Mmoja, wawili, wa tatu yule dada nyuma, na wewe dokta ni mkufunzi kwa hiyo hatukuhesabu, samahani. Watatu. Na mko mwaka wa nne na wa tano, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi.

Na sio kosa lenu, mimi pia nilisoma hivyo hivyo, lekcha moja ya ukoma saa nane mchana baada ya ugali, mwalimu mwenyewe anataka kuwahi daladala. Tukanakili madesa, tukakariri, tukajibu mtihani na nikafaulu vizuri tu. Halafu ukoma ukaja ukakaa kwenye kiti mbele yangu na sikuujua.

Hii ni hadithi ya kweli na mwenyewe yupo hapa, ni huyu mzee aliyekaa mbele na kofia mkononi. Amenipa ruhusa ya kusimulia, jina nisilitaje, ila mengine ameniambia sema yote usinifichie wala usijifichie. Mzee wangu asante.

Ilikuwa 1991, zahanati moja ya kusini huko, mimi nina miezi michache kazini, koti jeupe bado linanukia duka. Akaja kijana mkulima wa ufuta, ana baka mgongoni chini ya bega, ukubwa wa kiganja, limepauka kidogo, sio jeupe, limepauka tu kama sehemu ambayo vumbi limekaa. Nikamuuliza linawasha? Akasema haliwashi dokta. Nikaandika fangasi, nikampa Whitfield, ile marhamu ya kopo, nikamwambia paka asubuhi na jioni rudi baada ya wiki mbili. Akarudi, baka liko vile vile. Nikamuuliza linauma? Akanijibu, na naomba msikilize jibu lake vizuri, akasema, "Hata silisikii."

Silisikii! Mimi nikaelewa anasema halimsumbui. Nikamuongezea kopo lingine la Whitfield.

Jamani, nyie wote hapa mnaijua ile sentensi ya kwenye kitabu, baka lililopauka na lililopoteza hisia, mnaijua kwa Kiingereza, nikiwaamsha usiku wa manane mtaitaja. Hata mimi nilikuwa naijua kwa Kiingereza. Ila yule kijana hakuja na Kiingereza, kaja na Kiswahili chake safi kabisa, kanitajia ugonjwa wake kwa neno moja, na mimi niliyepata maksi nzuri nimekaa pale sijamsikia. Silisikii maana yake silisikii. Yaani nikiligusa halina habari.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachowaomba walimu, na nawaomba kwa heshima zote, pamoja na ile orodha ya dalili ya kwenye kitabu, wafundisheni hawa vijana ukoma unavyosema ukiwa umekaa kwenye benchi la wagonjwa. Hakuna mgonjwa atakayekuja kukwambia nimepoteza hisia za neva, yaani mishipa ya fahamu. Atasema panakuwa kama pamekufa. Atasema kuna ganzi. Atasema nyayo zangu naona kama nimevaa soksi wakati sijavaa. Mama atasema najikuta nimeungua na sufuria sijui hata saa ngapi nimeungua, naona lengelenge tu. Na kuna moja naipenda sana, mtu anakwambia, "Dokta, kandambili inanivuka njiani natembea tu mpaka watu wananiita kwa nyuma we umeacha ndala." Hiyo ndala iliyobaki njiani ni neva ya mguu inakufa, na ukiicheka ukaandika dawa za minyoo umemmaliza mtu.

Niendelee na kijana wangu. Alikuja mara kadhaa, halafu akaacha kuja, na nani angemlaumu. Karibu miaka miwili baadaye akarudi kwa sababu ya jeraha mkononi, na kidole cha mwisho na kile cha pete vimeanza kujikunja. Bahati siku hiyo alikuwepo mama mmoja muuguzi, mtu mzima, alishafanya kazi kwenye makambi ya wagonjwa wa ukoma enzi hizo. Akamuangalia yule kijana toka mlangoni, akaniuliza mimi kwa sauti ndogo ili nisiaibike, "Mwanangu, umemvua shati lote?" Sikuwa nimemvua. Siku zote nilikuwa napandisha shati naangalia lile baka moja ninaloonyeshwa. Tukamvua, tukamsogeza dirishani, tukahesabu mabaka tisa. Tisa! Mama akachukua pamba, akasokota ncha ikawa nyembamba kama utambi wa kibatari, akaanza kugusa. Nikasimama pale naangalia, na ile lekcha yote ya saa nane mchana ikaingia kichwani kwa dakika tano.

Sasa mnajua kwa nini nimeomba mapazia yafunguliwe. Baka la ukoma kwenye ngozi yetu nyeusi chini ya taa ya wodi halionekani, mengine ni mekundu mekundu kwa mbali, mengine rangi ya shaba, linataka mwanga wa jua unaoingia kwa pembeni. Na zile picha za vitabuni nyingi zimepigwa kwenye ngozi za watu wengine au ni za mgonjwa aliyeoza vidole kabisa, wa miaka mingi. Mwanafunzi akitoka chuoni anabeba picha hiyo kichwani, kwamba ukoma ni mtu asiye na vidole, kwa hiyo akimuona mtu mwenye vidole vyote kumi na baka moja la kupauka anaona haiwezekani. Wakati huyo mwenye vidole kumi ndiye tunayemtaka! Yule wa kwenye picha tumeshachelewa naye.

Na hapo niseme neno kuhusu vidole maana najua kuna watu humu, tena wa mwaka wa tano, wanaamini ukoma unakata vidole. Havikatiki. Havidondoki. Bakteria wa ukoma anapenda sehemu za baridi za mwili, ngozi na neva zilizo karibu na ngozi, akishaharibu neva mtu hasikii maumivu, na mtu asiyesikia maumivu anashika sufuria ya moto, anakanyaga msumari anatembea nao siku nzima, jeraha linaingia usaha mpaka kwenye mfupa, mfupa unalika, kidole kinafupika polepole. Alikuwepo daktari mmoja wa upasuaji, Paul Brand, alifika Vellore kule India 1946, wagonjwa wake walikuwa wanalala wazima wanaamka kidole kimepungua, watu wakaona ndio hayo, ukoma umekula usiku. Wakaweka watu wa kukesha kuangalia. Unajua walichokiona? Panya. Panya anakuja anatafuna kidole cha mtu aliyelala na mwenye kidole hana habari. Dawa yake ikawa paka, mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani anapewa na paka wa kulala naye. Mimi hii huwa naisimulia kila mahali kwa sababu mwanafunzi akishaisikia hasahau tena kwamba mtu kukosa maumivu ndio balaa lenyewe.

Twende kwenye vitendo kidogo. Kila mtu akunje mkono wake wa kulia. Kwa mkono wa kushoto tafuta upande wa ndani wa kiwiko, kuna kibonde kati ya vifupa viwili, pale pale ambapo ukijigonga kwenye meza unapigwa shoti mpaka kidole cha mwisho. Umepata? Bonyeza taratibu, ichezeshe kwa vidole kama unatafuta uzi ndani ya kitambaa. Hiyo ni neva. Sasa mgeukie jirani yako, muombe, mshike na yeye, kulia na kushoto. Ndio hivyo. Kwa mwenye ukoma inaweza kuwa nene kama kamba, inaweza kuuma, na mara nyingi upande mmoja ni tofauti na mwingine, ndio maana unashika pande zote mbili. Na ukibonyeza usiangalie kiwiko, muangalie mtu usoni, maumivu yanaonekana usoni kabla hajasema. Umeshashika kiwiko cha jirani? Basi umemzidi tabibu wa 1991.

Zipo na nyingine, shingoni mtu akigeuza kichwa, nyuma ya goti upande wa nje, kwenye kifundo cha mguu upande wa ndani, hizo mtafundishwa kwa mpangilio. Ninachotaka mkiondoka hapa mjue ni kitu cha mikono.

Na pamba nayo ina adabu zake. Kwanza mgonjwa anaona, unamgusa mahali pazima, unamwambia nikikugusa wewe weka kidole hapo nilipogusa. Akielewa ndio anafumba macho. Unagusa tu, usipitishe pamba kama unafuta vumbi. Na usimuulize "unasikia?" kila ukigusa, maana huyu ni Mtanzania mwenye heshima zake, hataki kumuangusha daktari, atasema ndio, ndio, ndio dokta, hata hujagusa anasema ndio. Muache aonyeshe kwa kidole. Akionyesha vizuri kila mahali halafu ukifika katikati ya baka kidole kikabaki kinaelea hewani hakijui kiende wapi, basi umeshapata jibu na hujatumia hata shilingi.

Nasema hivyo kwa sababu kuna wanafunzi wanadhani ukoma unasubiri maabara. Kuna kipimo ndio, unakata kidogo kwenye ndewe ya sikio na kwenye baka, unakwangua majimaji, unapaka kwenye kioo, lakini wagonjwa wengi tu, hasa wenye mabaka machache, kipimo kinatoka hakina kitu na ukoma wanao. Nimeshaona mgonjwa karudishwa nyumbani na karatasi ya maabara inasema hakuna vimelea, kiwiko chake neva imevimba unaiona kwa macho, na daktari aliyemrudisha anamaliza degree yake vizuri kabisa. Huyu bakteria hata kwenye maabara kubwa za dunia hajawahi kukubali kuoteshwa kwenye kisahani, toka yule daktari Hansen amuone 1873 mpaka leo, ukimtaka unamuotesha kwenye unyayo wa panya au kwenye kakakuona wa Marekani. Na ni mzembe, anajigawa mara moja kwa karibu wiki mbili, wakati bakteria wengi wanajigawa ndani ya dakika ishirini thelathini. Ndio maana dalili zinakuja kwa wastani baada ya miaka mitano, wengine ishirini na zaidi. Mgonjwa hawezi kukwambia ameupata wapi, usimsumbue.

Nimemtaja Hansen, ngoja nimmalize maana chuoni mnamuimba sana, ugonjwa wa Hansen, ugonjwa wa Hansen. Kweli alifanya kazi kubwa pale Bergen, Norway, wakati wenzake wanasema ukoma ni wa kurithi yeye akasema hapana ni maambukizi. Ila alitaka kuthibitisha, akachukua vitu kutoka kwa mgonjwa mmoja akamchoma mwanamke mwingine kwenye jicho, bila kumuomba. Yule mama akashtaki, na 1880 mahakama ikamuondoa Hansen kwenye udaktari wa hospitali ile. Msiniambie enzi hizo mambo yalikuwa hivyo, mahakama ya enzi hizo hizo ndiyo iliyosema umekosea. Kwa hiyo mkisoma jina lake mjue na la yule mama lipo nyuma yake. Ndio maana nimeanza kwa kusema mzee amenipa ruhusa. Mgonjwa wa ukoma amevuliwa nguo mbele za watu miaka na miaka, kapigwa picha, kapangwa kama maonyesho, halafu wanafunzi thelathini wanapita raundi hakuna hata mmoja aliyesema shikamoo.

Sasa tuje kwenye swali ambalo najua mnalo, kwamba mzee si ukoma uliisha? Hili nalisikia hata kwa madaktari. Mwaka 2006 Tanzania tulifikia kile kiwango cha WHO, Shirika la Afya Duniani, cha kuutokomeza ukoma kama tatizo la afya ya jamii, tukashangilia, na mimi nilishangilia. Lakini someni kiwango chenyewe kinasema nini. Kinasema wagonjwa walioandikishwa kwenye matibabu wasizidi mmoja kwa kila watu 10,000. Walioandikishwa! Yaani kinahesabu daftari langu. Mzee wangu huyu alipewa dawa mseto kwa miezi 24, ndio ilivyokuwa wakati ule kwa wenye mabaka mengi, baadaye miaka ya tisini mwishoni WHO wakaona miezi 12 inatosha. Ni uamuzi mzuri, dawa inafanya kazi. Ila piga hesabu, mtu aliyekuwa anakaa kwenye daftari langu miaka miwili sasa anakaa mmoja. Daftari limepungua nusu na huko kijijini hakuna mtu hata mmoja aliyepungua kuugua. Sisemi ukoma haukupungua, umepungua sana, mimi nimeshuhudia. Nasema ile namba ikatoka kwenye daftari ikapanda mpaka ofisini, ikatoka ofisini ikafika vyuoni, na ilipofika vyuoni ikawa haisemi tena "umepungua", inasema "umeisha", na mtu akapunguza saa za ukoma kwenye mtaala akaweka kitu kingine.

Na wagonjwa wapya wanaendelea kuja. Hapa kwetu kila mwaka wanaandikishwa zaidi ya 1,000, mikoa kama Lindi, Mtwara, Pwani, Morogoro na Tanga inajulikana. Dunia nzima 2023 walikuwa zaidi ya 180,000, zaidi ya nusu India, halafu Brazil na Indonesia zinafuata. Kati ya hao watoto zaidi ya 10,000. Mtoto mwenye ukoma, fikiria hapo, ugonjwa unaochukua miaka kujitokeza umeonekana kwa mtoto wa darasa la pili, maana yake ndani ya nyumba ile au jirani kuna mtu mzima ana ukoma hajatibiwa na bado anaambukiza. Kwa hiyo ukipata mgonjwa kazi haijaisha, unaenda nyumbani kwake unawavua shati wote. Kwa waliokaa naye karibu siku hizi kuna dozi moja ya dawa ya rifampicin ya kuwakinga, WHO waliipendekeza 2018, na Tanzania tulikuwa kwenye nchi zilizoijaribu mapema. Waulizeni wakufunzi wenu kama ipo kwenye madesa. Naona dokta anatabasamu, sijui ipo au haipo.

Kuna shida nyingine ya kikwetu kwetu. Toka 1977 tuna mpango mmoja wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, mpango mzuri, kifua kikuu dunia nzima imejifunza kwetu. Ila angalieni tunavyotamka. "Kifua kikuu naukoma." Hilo "naukoma" linapita haraka kama jina la baba kwenye kuitwa foleni ya kitambulisho cha NIDA. Semina siku tatu, siku mbili na nusu kifua kikuu, ukoma unapewa ile nusu ya mwisho watu wakisubiri posho. Najua maana nilikuwa naiandaa mimi ratiba.

Kitu cha mwisho cha kitabibu halafu nawaachia. Kwenye madesa mnasoma dawa, rifampicin, dapsone, clofazimine, miezi sita kwa mabaka machache mpaka matano, miezi 12 yakizidi, dawa bure kabisa nchi nzima. Sawa. Ila mgonjwa mnayeenda kumuua, samahani kwa neno, mnayeenda kumlemaza, ni yule wa mwezi wa nne wa dawa ambaye ghafla mabaka yanavimba, yanakuwa mekundu, kiwiko kinauma, mkono unakosa nguvu. Mwanafunzi akiona hivyo anasema mzio wa dawa, anasimamisha dawa. Nimewapokea wengi wa hivyo kutoka vituo mbalimbali, vituo sivitaji. Ule ni mwili wenyewe unapambana na vimelea, wanaita reaksheni, inaweza kuja kabla ya dawa, katikati, au hata mtu ameshamaliza. Dawa za ukoma zinaendelea, na neva ikiwa hatarini unaanza prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, haraka, maana neva ikiwahiwa mapema ndani ya miezi ya mwanzo inaweza kurudi, ukichelewa basi. Hiyo ni dharura kama dharura nyingine. Siku mkiona daktari anakimbia kwenye korido kwa sababu ya ukoma, hapo nitaamini mmefundishwa.

Na mwambie mgonjwa mapema mkojo utakuwa kama Fanta, na ngozi itakuwa nyeusi kwa zile za clofazimine na itarudi polepole baada ya kumaliza. Mzee hapa alinyamaziwa, hakuambiwa, na aliyenyamaza ni mimi. Akawa mweusi tii katikati ya kijiji, watu wakaanza maneno, mchumba akaondoka. Hilo la mchumba ameniambia majuzi tu, miaka zaidi ya thelathini tunajuana.

Maneno nayo yanafundishwa. Kwenye faili msiandike "mkoma", wodini msiseme "yule mkoma wa kitanda cha dirishani". Mkutano wa dunia wa ukoma pale Havana ulikataa jina la namna hiyo toka 1948, sisi bado tunalitumia. Na wale wa kanisani mnaponiambia lakini mzee Biblia imesema, someni na Walawi 14, humo hata nyumba inapata ukoma, ukuta unapata mabaka na kuhani anakuja kukagua. Sasa ukuta gani una neva? Ukoma wa humo ni magonjwa ya ngozi ya kila aina pamoja na ukungu wa ukutani. Ila mgonjwa wangu amelibeba hilo neno lote mgongoni. Watu walipelekwa kuishi peke yao, Kindwitwi kule Rufiji, Nunge Kigamboni, Chazi Morogoro, wengine wakazalia huko wakazikwa huko, na hawakuwa hata wanaambukiza tena. Watu zaidi ya 95 kwa kila 100 wana kinga ya kuzaliwa nayo, na mtu akianza dawa hatari ya kuambukiza inaondoka haraka. Kumshika mkono hakukupi kitu.

Ombi langu kwa uongozi wa chuo ni dogo na najua mnasema mtaala umejaa. Sitaki muongeze lekcha. Lekcha moja ile ile iacheni. Wekeni ukoma kwenye mtihani wa vitendo, kituo kimoja tu, dakika kumi, pamba na kiwiko. Wanafunzi nawajua, kisichoulizwa hakisomwi, ila mkitangaza kwamba kuna kituo cha neva na ukikikosa una sapu, unarudia mtihani, wiki hiyo hosteli nzima watashikana viwiko mpaka usiku. (Wanacheka.) Mnacheka, ila ni kweli. Halafu kila mwanafunzi akiwa kwenye mafunzo ya vijijini ampe mratibu wa wilaya siku moja, siku moja tu, apande nyuma ya pikipiki. Tuna wataalamu wa ngozi waliosomea Moshi pale hospitali ya KCMC, kile kituo cha mafunzo ya ngozi kipo toka 1992 na kinapokea watu wa nchi nyingi za Afrika, ila wataalamu hao hawawezi kukaa kila zahanati. Zahanati mtakaa nyie, au watakaa matabibu mtakaowafundisha nyie.

Na wale kina mama wauguzi wa makambi wameshaondoka. Yule aliyeniuliza kama nimemvua shati lote alifariki zamani, hakuandika hata ukurasa mmoja. Alichokijua kilikuwa kwenye vidole vyake, kikaingia kwenye vyangu, na vyangu vyenyewe sasa hivi vina ganzi, ila hiyo ni sukari, msianze kuniangalia hivyo.

Haya. Mzee wangu, karibu huku dirishani kwenye mwanga. Leteni kiti chenye mgongo, sio hicho. Mzee amesema watakaomshika kiwiko wasizidi kumi, na shati analivua mwenyewe kwa muda anaotaka yeye, simu zote mfukoni, hakuna kupiga picha. Pamba ipo hapa. Wewe kijana wa shati la mistari uliyekuwa unachati toka naanza, ndio wewe, usiangalie nyuma, njoo uwe wa kwanza. Usikimbilie pamba. Anza na shikamoo.